Msuli, kwa maana yake yenyewe

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na watu wawili watatu wameshaniuliza kama nimeolewa. Sijaolewa. Niko hapa hapa Mlimani, chumba kile kile, feni ile ile inayolia kama bata. Ni mambo tu yalikuwa mengi: test mfululizo, bumu kuchelewa kama kawaida yake, na nyumbani Morogoro nako kulikuwa na lake, ambalo nitalisema huko chini.

Leo naongelea msuli. Tena naomba wale mnaokimbilia kusema "tunapiga msuli tangu juzi" mtulie kwanza. Sizungumzii msuli wa maktaba, ule wa kukesha na desa la mtu na chupa ya maji. Wala ule msuli wa mzee wa pwani anaojifunga kiunoni jioni akitoka kuoga. Nazungumzia msuli wenyewe, mnofu ulioko mwilini mwako, unaokuwezesha kubonyeza simu na kusoma hapa.

Sababu ni hii. Sisi wa ualimu muhula huu tuna masomo ya majaribio. Kila mtu anapewa mada, anasimama mbele ya wenzake dakika 20, wenzake wanajifanya wanafunzi wa kidato cha tatu, na mhadhiri anakaa nyuma na fomu yake akijaza alama. Mimi nikaangukiwa na mada ya mwendo, sehemu ya misuli. Wiki hiyo hiyo baba akafunguliwa P.O.P. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kitu kimoja kwa ajili ya watu wawili, mhadhiri na baba yangu, na niwaambie ukweli, yule wa pili ndiye alikuwa mgumu zaidi.

Tuanze na sahani. Wengi wenu mnajua ile supu ya asubuhi pale kwa mama, nje ya geti, ukishuka kidogo. Mimi pale ndipo nilipojifunzia aina za misuli, wala sitanii. Ukiagiza steki umeagiza msuli wa mifupa, ule unaojishikiza kwenye mfupa na unaoutii ukiuamuru. Ukiagiza utumbo umeagiza msuli laini, ambao hauna habari na amri zako. Utasukuma ugali wako usiku kucha wewe ukikoroma. Na ukibahatika ukakuta moyo kwenye sufuria, huo ni msuli wa aina ya tatu, unaopatikana mahali pamoja tu mwilini, na haupumziki likizo wala Jumapili. Ulimi? Huo ni wa kundi la steki. Firigisi ni kundi la utumbo, ila limepiga jimu. Maini si msuli kabisa, na makongoro mnayoyagombania yale mengi yake ni kano na ngozi, yaani zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Mshikaji mmoja wa chemia tuliyekaa naye meza moja aliniambia nimemharibia supu. Pole yake.

Sasa chukua kile kipande cha steki kilichoiva vizuri, ukichambue kwa vidole. Si unaona kinaachana nyuzi nyuzi? Mpishi hajakukosea, msuli ndivyo ulivyojengwa. Fikiria kamba ya katani. Kamba nene ukiifumua unakuta kamba nyembamba kadhaa zilizosokotwa pamoja, ukifumua moja ya hizo unakuta nyuzi, na uzi nao una nyuzinyuzi zake. Msuli uko hivyo hivyo. Mafungu ndani ya ala, kila fungu lina nyuzi, na kila uzi mmoja ni seli moja nzima. Hapa ndipo niliposhangaa mwenyewe, maana tulizoea kuambiwa seli ni kitu kidogo kisichoonekana, ina kiini kimoja katikati kama yai. Seli ya msuli wa mifupa ni nyembamba kuliko unywele au inalingana nao, lakini kwa urefu inaweza kufika sentimita kadhaa, na ina viini vingi vilivyojipanga pembeni. Katika msuli mrefu wa paja zipo zinazozidi hapo mbali.

Ndani ya seli hiyo kuna nyuzinyuzi tena, mamia kwa maelfu, na kila unyuzi umegawanyika vipande vidogo vilivyounganishwa kichwa kwa mkia kama mabehewa ya treni. Kipande kimoja kinaitwa sarkomea. Urefu wake msuli ukiwa umetulia ni kama mikroni 2.5, maana yake katika milimita moja vinaingia 400. Uzi wa sentimita 10 unakuwa na vipande 40,000 vilivyopangwa mstari mmoja. Piga hesabu mwenyewe kama huniamini, mimi nilipiga mara mbili.

Swali lililowasumbua watu kwa karne nyingi ni hili: msuli ukifupika, nini hasa kinafupika? Wazee wa zamani kule Ulaya waliamini kuna pumzi au roho fulani inayosafiri kwenye neva kutoka kwenye ubongo, inaingia kwenye msuli na kuujaza kama puto, ndiyo maana mkono ukiukunja unavimba. Wazo si la kijinga, ukiangalia mkono wa mbeba zege utaliona linaleta maana. Basi miaka ya 1660 akatokea Mholanzi mmoja, Jan Swammerdam, akachukua msuli wa chura pamoja na neva yake, akauweka kwenye chombo cha kioo kilichofungwa, chenye mrija mwembamba juu na tone la maji ndani ya mrija. Kama msuli unajaa kitu, tone litapanda. Akaigusa neva, msuli ukajikunja, tone halikupanda. Mimi hapa nilimpenda sana huyu mtu. Hakuna mashine, hakuna umeme, chura na tone la maji tu, na imani ya miaka zaidi ya elfu ikawa imepata shida.

Jibu lenyewe lilichelewa hadi 1954. Mwaka huo, mwezi Mei, jarida la Nature lilitoa makala mbili ndani ya toleo moja. Moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Huxley wawili, na wala si ndugu! Msichanganyikiwe kama nilivyoona wenzangu wakichanganyikiwa kwenye group la darasa. Wa kwanza walitumia nyuzi hai za chura, wa pili misuli ya sungura, na wote wakaona jambo lile lile. Ile misuli ya mifupa chini ya hadubini ina milia, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kama punda milia. Msuli ukijikunja, mlia mweusi haubadiliki urefu. Mweupe ndio unaopungua. Maana yake hakuna uzi unaojikunja wala kufinyaa. Kuna nyuzi nene na nyuzi nyembamba, na zinateleza, moja inaingia katikati ya nyingine.

Kuhusu kulieleza hili darasani nilikuwa na mawazo. Vitabu vina mchoro mmoja maarufu, kila mtu anauchora ubaoni, na kila mwanafunzi anaunakili bila kujua anachora nini. Nilivyokuwa O-level mimi niliunakili vizuri sana, tena kwa rula. Safari hii nikaenda na fagio mbili za chelewa. Nikazielekezeana, ncha kwa ncha, nikazisukuma taratibu. Chelewa za huku zikapenya katikati ya chelewa za kule. Nikawauliza: chelewa yoyote imefupika? Hapana. Lakini umbali kutoka mkono huu hadi mkono huu? Umepungua. Basi hiyo ndiyo sarkomea, jamani. Fanya hivyo mara 40,000 kwenye mstari mmoja, kila moja ikipungua kidogo mno, mwisho mkono mzima unakunjika. Kuna mtu nyuma akasema "aaah" ile ya kweli, siyo ya kumfurahisha mwalimu.

Nani anazivuta? Uzi mnene umetengenezwa kwa protini inayoitwa mayosini, na una vichwa vingi vinavyochomoza pembeni. Uzi mwembamba ni wa aktini. Kichwa cha mayosini kinashika aktini, kinainama, kinaivuta hatua moja ya nanomita kama 10 (nanomita ni milimita moja igawe kwa milioni), kinaachia, kinanyanyuka, kinashika mbele zaidi. Mmewahi kuona wavuvi wakivuta juya ufukweni? Huyu anashika, anavuta, anaachia, anakwenda kushika mbele, na wakati ameachia wenzake wameshikilia, kwa hiyo wavu haurudi baharini. Ni vile vile.

Ila vichwa havishiki ovyo ovyo. Msuli ukiwa umetulia, sehemu za kushikia kwenye aktini zimefunikwa na protini nyingine iliyolala juu yake. Ukitaka kunyanyua kikombe, amri inashuka kwenye neva, ncha ya neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, umeme unasambaa juu ya seli na kuzama ndani, na vifuko vilivyozunguka nyuzinyuzi vinaachia kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayoondoa kile kifuniko. Habari hii ya kalsiamu nayo ina kisa. Daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akifanyia majaribio mioyo ya chura iliyotolewa nje, inadunda vizuri tu kwenye maji ya chumvi. Kumbe maji yaliyotumika kutengenezea yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mioyo ikafifia. Tofauti ilikuwa kalsiamu iliyokuwemo kwenye maji ya bomba ya London, akaandika hivyo 1883. Kwa hiyo ukisikia maji ya bomba hayana faida, mtaje Ringer.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hata baadhi yetu tunaosoma biolojia tunakielewa kinyumenyume. Ukimwuliza mtu nguvu ya ATP inatumika wapi, atakwambia kwenye kuvuta. Sawa, ndiyo inayokiweka kichwa tayari kuvuta. Lakini ATP inahitajika pia ili kichwa kiachie. Bila ATP mpya kuja kujishikiza, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Na ushahidi wake uko mitaani, hauhitaji maabara. Mtu akifariki, baada ya saa chache mwili unaanza kukakamaa, taya na shingo mapema, kisha kote, na ikifika kama saa 12 umekuwa mgumu kabisa, halafu siku moja mbili zinazofuata unalegea tena kwa sababu protini zenyewe zinaanza kuvunjika. Damu haiji, ATP imekwisha, kalsiamu imevuja, vichwa vimeshika na hakuna wa kuviachisha. Kule kwetu kuna bibi mmoja anayeosha maiti za wanawake, amefanya kazi hiyo tangu mama yangu hajaolewa. Akiitwa, jambo la kwanza ni kufumba macho, kufunga taya kwa kitambaa na kunyoosha mikono na miguu, mapema, kabla ya maneno mengine yoyote. Ukimwuliza anakujibu "ukichelewa hanyooki". Kwangu mimi huyo bibi anaijua mada hii.

Na mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, mmeona nyama yake inavyocheza cheza kwenye beseni, watoto wanakimbia? Ni ATP na kalsiamu iliyobaki, haijaisha bado. Hakuna jini.

Haya, nyumbani.

Baba yangu anabeba mizigo sokoni. Miaka zaidi ya ishirini anashusha magunia kwenye malori, ya viazi, ya vitunguu, ya mahindi, na mnajua lumbesa ilivyo, gunia linaandikwa kilo 100 na linabeba zaidi. Kwa kazi hiyo amenisomesha mimi na wadogo zangu wawili. Mwezi wa nne alianguka kutoka juu ya lori, mfupa wa mguu wa kushoto chini ya goti ukavunjika. Akafungwa P.O.P kutoka pajani hadi kwenye nyayo, wiki nane. Kibarua hana likizo ya ugonjwa. Siku asiyokwenda ni siku isiyo na hela, na nafasi yake pale kwenye lori ilishachukuliwa na kijana mwingine wiki ile ile, wala simlaumu huyo kijana, naye ana kwao.

Siku aliyofunguliwa alinipigia simu jioni. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza, halafu akasema, "Mama, mguu huu si wangu." (Mimi ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.) Nikamwuliza una nini baba, umevimba? Akasema afadhali ungevimba. Umekuwa kama wa mtoto. Kigimbi hakuna, paja limekwisha, ngozi inaning'inia. Mama anashona nguo, kwa hiyo nikamwambia achukue futi yake apime, shubiri moja juu ya goti, miguu yote miwili. Wa kulia sentimita 47, wa kushoto 42.

Baba mdogo alikuwepo pale, nikamsikia kwa nyuma akisema mguu umekaushwa, kuna mtu, na kwamba anamjua mzee mmoja huko Kilosa. Mnajua vilevile kwamba mtoto wa kike hawezi kumkatalia baba mdogo kwenye simu. Na sikutaka kubishana naye. Nilitaka baba afanye mazoezi aliyopewa hospitalini, basi. Maana yule mtaalamu wa viungo alimwelekeza: kaa na mguu umenyooka, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti, kaza paja ubonyeze khanga, hesabu mpaka tano, legeza, mara kumi, mara tatu kwa siku. Kisha kunyanyua mguu umenyooka. Kisha kupandisha na kushusha kanyagio. Baba akafanya siku moja, kesho yake paja likauma, akaacha. Yeye mantiki yake ilikuwa wazi: kitu kilichochoka hupumzishwa, na kinachouma kimeumia. Kwa mfupa alikuwa sahihi wiki zote nane. Kwa msuli ni kinyume.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kujua kitu na kuweza kukisema. Darasani ningesema protini zinazojengwa zimekuwa pungufu kuliko zinazobomolewa, kwa Kiingereza, na ningepata alama. Kwa baba nilikaa na kalamu usiku mzima nikitafuta neno.

Kesho yake nikampigia. Nikamwambia: baba, pale sokoni mzigo ukikosekana wiki mbili, matajiri wanafanya nini? Akasema wanapunguza vibarua. Nikamwambia mwili nao ni tajiri wa namna hiyo. Msuli ni wa gharama, unakula hata ukiwa umelala. Mguu ulipofungwa, mwili ukaona hapa hakuna mzigo, ukaanza kupunguza zile nyuzi za kuvuta ndani ya kila seli. Lakini sikiliza baba, seli zenyewe nyingi hazijaondoka. Zimekonda tu. Kamba ni ile ile, imekuwa nyembamba. Ukileta mzigo, hata mdogo, mwili unaita watu kazini tena.

Akacheka. Akasema, "Kwa hiyo na mguu wangu nao umeachishwa kazi." Tukacheka wote, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa chepesi.

Na maumivu ya kesho yake nikamwambia hayo siyo kuumia kwa mfupa. Ni msuli uliozoea kulala umefanyishwa kazi, kuna vichubuko vidogo mno kwenye nyuzi, vinatengenezwa na vinarudi imara zaidi. (Na nyie wacheza mpira wa Jumamosi mnaosema ni asidi imebaki miguuni: ile laktiki inaondoka ndani ya saa moja au mbili hivi. Maumivu ya Jumatatu si yake.) Ila kama maumivu ni makali pale pale mfupa ulipovunjika, au kigimbi kikivimba na kuwa cha moto, asingoje simu yangu, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Nililirudia hilo mara tatu mpaka mama akasema tumesikia.

Kitu kingine nilichokifurahia kukisoma ni kwamba wiki za mwanzo za mazoezi nguvu inarudi kabla mnofu haujarudi. Sababu ni neva. Neva nazo zilikuwa zimepunguza kuamrisha, kwa hiyo kwanza zinajifunza upya kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja, kujenga kunafuata baadaye. Nilimwambia baba hivyo makusudi, asije akakata tamaa futi ikisema 42 wiki nzima. Na chakula, nikamwambia mama dagaa, maharage, yai likipatikana. Akaniuliza yai bei gani huko Dar. Sikujibu. Bumu lilipotoka nilituma elfu ishirini, sikusema ni ya mayai lakini alielewa.

Somo langu la majaribio lilikuwa Alhamisi. Zile fagio nimeshawasimulia. Swali gumu lilitoka kwa dada mmoja wa jiografia aliyekuwa akijifanya mwanafunzi, na nadhani alisahau kwamba anajifanya. Aliuliza: kama msuli kazi yake ni kuvuta tu, mbona mimi naweza kusukuma ukuta? Nikawaambia wote wasimame wasukume meza zao, na mkono mwingine ushike nyuma ya huo unaosukuma, juu ya kiwiko. Pamekaza? Pamekaza. Msuli ule umejishika nyuma ya kiwiko, ukivuta, mkono unanyooka, na mkono ukinyooka meza inasogea. Hakuna msuli wowote mwilini unaosukuma, wote wanavuta, ila wamepangwa wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, huyu akivuta yule anaachia. Meza moja ilisogea kweli ikamgonga mhadhiri goti. Alicheka, akaandika kitu. Mwisho akaniambia nimezidisha dakika nne, na nipunguze Kiswahili kwa sababu shuleni nitafundisha kwa Kiingereza. Nimesikia. Lakini ile "aaah" ya nyuma ilitoka kwenye sentensi ya Kiswahili, na hilo naliandika hapa ambako hakuna fomu.

Orodha ya vituo vya mazoezi ya kufundisha haijatoka. Nimeomba Morogoro, si kwa sababu ya baba tu, nauli pia. Tukiachana na hilo, ba'mdogo bado hajaacha habari ya mzee wa Kilosa, ila mama amenitonya kwamba juzi alimkuta naye amekaa mkekani na khanga chini ya goti, anakaza paja, anahesabu kwa sauti. Ati na yeye goti linamsumbua.

Tajiri mmoja wa vitunguu amemwambia baba akipona aje akae getini ahesabu magunia badala ya kubeba. Hela ni kidogo kuliko ya kubeba, na baba hajasema ndiyo wala hapana. Anataka kwanza aone mguu utafika wapi. Mama anapima kila Jumapili baada ya chakula na kunitumia meseji yenye namba tu, bila salamu. Ya jana ilikuwa: 45.